Uchambuzi wa kisa: matairi mapya ya pikipiki ya safari ndefu, Dar es Salaam hadi Kitulo na kurudi

Kisa chenyewe kwa kifupi

Mwendeshaji wa Dar es Salaam alikuwa na wiki mbili na nusu kabla ya safari ya takriban kilomita 1,800 akiwa na mke wake nyuma. Tairi la nyuma lilikuwa limekwisha, la mbele halikuwa mbali. Alichagua matairi ya kashata kubwa (kashata ni vile vipande vya mpira vinavyojitokeza juu ya tairi) kwa sababu ya kipande cha udongo kisichofika kilomita 200. Safari iliisha salama, ila tairi la nyuma liliporudi lilikuwa limebakiza chini ya nusu ya maisha yake, na siku moja liliendeshwa kilomita 330 likiwa na upepo pungufu bila mtu kujua. Majina, tarehe, maduka na karakana vimeondolewa. Aina ya pikipiki tumeibakiza, kwa sababu vipimo vyote vya matairi vinaitegemea.

Usuli

Pikipiki ni Suzuki V-Strom 650 ya mtumba, rimu za spoti zisizo na spoki, matairi yasiyotumia tyubu. Mbele ni 110/80R19, nyuma ni 150/70R17, yaani upana kwa milimita, kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na kipenyo cha rimu kwa inchi. Kitabu chake kinataka psi 33 mbele wakati wote (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo). Nyuma ni psi 36 akiwa peke yake na psi 41 akiwa na abiria. Vipimo hivi ni vya tairi la baridi, yaani pikipiki iliyolala usiku au iliyokaa kivulini angalau saa tatu. Neno hilo "baridi" ndilo lililosahaulika Iringa, na tutalirudia.

Matumizi yake ya kawaida ni kwenda kazini na safari za mwisho wa wiki Bagamoyo na Morogoro, karibu zote juu ya lami. Safari iliyokuwa inakuja ilikuwa tofauti kidogo: Dar, Iringa, Mbeya, kisha kupanda kutokea Isyonje kwenda Makete kupitia nyanda za Kitulo, kushuka Njombe, kutokea Makambako na kurudi nyumbani. Kipande cha Isyonje hadi Makete wakati huo kilikuwa cha udongo kwa sehemu kubwa, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,500, na mvua za huko hazisubiri msimu wa Pwani.

Hali ya matairi ya zamani

Kwa miezi kadhaa mwendeshaji alikuwa akitazama tairi la nyuma kwa pembeni na kuona kashata bado zipo. Zilikuwepo kweli, ila pembeni. Pikipiki inayoenda moja kwa moja juu ya lami hula katikati, na kina hupimwa pale palipolika zaidi. Kijiti cha kupimia kilipowekwa katikati kilionyesha milimita 1.4. Suzuki inataka tairi la nyuma libadilishwe likifika milimita 2.0, na la mbele likifika 1.6.

Umbo lilikuwa limeharibika pia. Tairi la pikipiki ni la mviringo ili pikipiki ilale kwenye kona kwa ulaini. Hili lilikuwa limekuwa bapa katikati, na ukitazama kwa nyuma unaona kingo mbili kama za ubao. Pikipiki ya namna hiyo hukataa kulala mwanzoni, halafu inadondokea upande kwa ghafla inapovuka ukingo. Mwendeshaji alidhani beringi za usukani zimechoka.

La mbele lilikuwa na milimita 2.6, lakini kashata zake zilikuwa na ngazi: upande mmoja wa kila kipande umekatika chini, upande wa pili umesimama. Ukipitisha kiganja kuelekea mbele unasikia laini, ukikirudisha kinakwaruzwa. Ndiyo iliyokuwa ikitoa mvumo kuanzia kilomita 60 kwa saa.

Kupima mzigo kabla ya kuchagua

Hapa kazi ilifanywa vizuri kuliko wengi wanavyofanya. Pikipiki ilipelekwa kwenye mizani ya ghala la nafaka, ikiwa na tangi limejaa, masanduku matatu yamefungwa, na wote wawili wamekaa na makoti na helmeti zao. Gurudumu moja liliwekwa juu ya mizani na lingine juu ya mbao zenye kimo kilekile ili pikipiki isiinamie upande wowote, watu wawili wakiishikilia kwa ncha za vidole. Mara ya kwanza jumla ilikuwa kilo 418, nzito mno. Wakatoa viatu vya akiba, jiko na vitu vingine, jumla ikawa kilo 409: mbele 150, nyuma 259.

Namba hiyo ya nyuma, 259, ndiyo iliyoongoza mazungumzo yote yaliyofuata. Kwenye ubavu wa tairi, baada ya ukubwa, kuna namba ya uzito na herufi ya mwendo. Namba 59 ni kilo 243, 62 ni kilo 265, 69 ni kilo 325. Herufi P ni kilomita 150 kwa saa, Q ni 160, H ni 210, V ni 240. Uzito huo tairi huubeba likiwa limejazwa upepo wake kamili, si likiwa limesinyaa.

Machaguo manne

La kwanza lilitoka Kariakoo. Maduka ya huko yamejaa matairi ya bodaboda, na katika ukubwa wa inchi 17 lililo pana zaidi lililopatikana lilikuwa 130/70-17 62P, lile la pikipiki za spoti za sm³ 200. Bei ilikuwa nzuri na muuzaji alisema, "Kaka, rimu ni kumi na saba, tairi ni kumi na saba, linaingia." Kuingia lingeingia, shida ni mengine. Uwezo wake ni kilo 265, mzigo ulikuwa 259. Tofauti ya kilo 6 inatoweka kwenye tuta la kwanza. Kimo nacho kinapungua: 150/70R17 lina kipenyo cha milimita 642, 130/70-17 lina 614. Nyuma ya pikipiki ingeshuka milimita 14, usukani ungekuwa mzito, na breki za ABS, zile zinazozuia gurudumu lisijifunge, zinazolinganisha mzunguko wa magurudumu mawili zingepewa tofauti ya zaidi ya asilimia 4 ambayo hazikupangiwa. Lilikataliwa, na kwa haki.

La pili lilikuwa tairi la mtumba, ukubwa halisi, 150/70R17 69V, kashata milimita 5, linang'aa. Mwishoni mwa maandishi ya DOT, alama ya kiwandani iliyo ubavuni, kulikuwa na 1114, maana yake wiki ya 11 ya mwaka 2014. Lilipokunjwa kwa mikono miwili chini ya taa, mifereji ilifunguka na kuonyesha nyufa nyembamba kama nywele sakafuni mwake. Ule mng'ao ulikuwa wa dawa ya kupakwa. Mpira mkavu hushika lami kavu vya kutosha kukudanganya, kisha hukuacha siku ya mvua. Nalo likakataliwa.

La tatu lilikuwa jozi mpya ya kashata kubwa, zile zinazouzwa kama nusu lami nusu udongo: mbele 59Q, nyuma 150/70B17 69Q. Herufi B badala ya R inaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa: zinakatizana kwa mshazari na kufungwa mkanda juu yake, tofauti na radiali ambazo nyuzi hutoka moja kwa moja mdomo mmoja wa tairi (ukingo unaokaa kwenye rimu) hadi wa pili. Tairi la B huwa na ubavu mgumu zaidi, linavumilia mawe, na huhifadhi joto zaidi. Jozi hii ilikuwa dukani, tayari.

La nne lilikuwa jozi ya radiali za safari ndefu, takriban lami asilimia 80, 59V na 69V. Bei yake ilikuwa karibu mara 1.3 ya zile za kashata kubwa, na ilibidi ziagizwe kutoka nje. Kufika: wiki tatu au zaidi.

Uamuzi na sababu zake

Mwendeshaji alichukua jozi ya tatu. Sababu alizotoa ni mbili: safari ilikuwa karibu, na aliogopa udongo wa Kitulo. Sababu ya kwanza ni ya kweli. Ya pili inahitaji kuangaliwa, maana ndiyo iliyomfanya aone amepata alichokuwa akikitaka badala ya kuona amepata kilichokuwepo. Angejua kwamba amechukua tairi la kubahatisha kwa ajili ya kilomita 1,600 za lami, angeliendesha kwa tahadhari ya tairi la kubahatisha.

Kubadilisha jozi nzima ulikuwa uamuzi mzuri. Kuacha radiali ya zamani mbele na kuweka la B nyuma ni mchanganyiko usiofaa kujaribiwa mpaka mtengenezaji wa matairi auruhusu kwa maandishi, na la mbele lenye ngazi lisingestahili kubebwa safari hii hata hivyo.

Kufunga matairi

Kazi ilifanyika jioni ya siku moja kabla ya kuondoka. Fundi alikuwa mzoefu wa bodaboda na magari, na hakuwahi kufunga tairi la pikipiki la upana huu lisilo na tyubu.

Tairi la nyuma lilipanda kwenye rimu kavu, bila maji ya sabuni. Upande mmoja wa mdomo wa tairi uligoma kukaa, fundi akaendelea kujaza upepo hadi psi 70 ndipo ukatoa ule mlio wa kukaa. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha kukalisha tairi kwenye bar 4, yaani psi 58, na wana sababu: mdomo ukipasuka pale, vipande vya chuma huruka vikielekea kwa aliyeinama juu yake.

Na mdomo haukuwa umekaa wote. Kwenye ubavu wa kila tairi, karibu na rimu, kuna mstari mwembamba uliochongwa kuzunguka duara zima. Umbali kati ya mstari huo na ukingo wa rimu unapaswa kuwa sawa kila mahali. Hapa, kwa kipande cha kama kiganja kimoja, mstari ulizama na kupotea chini ya ukingo. Mwendeshaji ndiye aliyeuona, baada ya kulizungusha gurudumu na kuona kashata zikipanda na kushuka. Upepo ukatolewa wote, mdomo ukasukumwa ndani, maji mazito ya sabuni ya kipande yakapakwa pande zote mbili, na ulipojazwa tena ulikaa kwenye psi 45 kwa milio miwili. Mstari ukaonekana sawa.

Balansi ilifanywa, valvu za mpira zikabadilishwa, mshale wa mzunguko ukakaguliwa. Ekseli ya nyuma ilikazwa niutoni-mita 100 na ya mbele 65, cheni ikaachwa na mlegeo wa milimita 25, katikati ya 20 na 30 zinazotakiwa. Kilichokosekana ni muda. Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani juu yake, na kilomita 150 za kwanza linahitaji mwendo wa taratibu na kona za kuongeza kidogo kidogo. Kilomita hizo zilipatikana kwenye msongamano wa Barabara ya Morogoro, mzigo ukiwa umeshapakiwa.

Siku ya kwanza: Dar hadi Iringa

Asubuhi, nyuzi joto 26, nyuma ilijazwa psi 41 na mbele 33. Vipimo sahihi, geji ya mwendeshaji mwenyewe. Geji hiyo kisha ikawekwa chini kabisa ya sanduku la kushoto, ikafunikwa na makoti ya mvua.

Barabara ilikuwa kavu. Juu ya rasta na matuta ya vijijini pikipiki ilitetemeka zaidi kuliko zamani, na kwenye kona ndefu za kupanda Kitonga mwendeshaji alisikia nyuma ikiyumba kidogo. Hayo ni ya kawaida kwa kashata ndefu: kila kipande cha mpira hupinda kinapoingia chini ya mzigo na hujinyoosha kinapotoka. Kule kupinda na kunyooka ndiko kunakozalisha joto.

Iringa walifika jioni na kusimama kwa fundi wa pancha ili aangalie upepo. Geji ya kibandani ikasoma 50.

"Bosi, hamsini! Hili litapasuka kesho njiani."

"Dar niliweka arobaini na moja, fundi."

"Basi walikujazia vibaya. Ngoja niliweke arobaini."

Akafungua valvu mpaka geji ikasoma 40.

Hakuna aliyekuwa amejaza vibaya. Tairi lililofanya kazi siku nzima lilikuwa na joto la nyuzi 60 na kitu ndani, na hewa ikipata joto huongeza msukumo. Isitoshe, Iringa iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,600. Geji husoma tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje, na hewa ya nje kule ni nyepesi kuliko ya Pwani kwa kama psi 2.5, kwa hiyo geji huongeza kiasi hichohicho. Jumlisha joto na mwinuko juu ya 41 za asubuhi, utapata 50. Ile hamsini ilikuwa uthibitisho kwamba tairi lilikuwa sawa.

Siku ya pili: kilomita 330 za upepo pungufu

Usiku wa baridi wa Iringa ulishusha msukumo. Hesabu inaonyesha kwamba asubuhi, kwenye nyuzi kama 15, tairi lilikuwa karibu psi 32, badala ya 41. Hakuna aliyepima. Walikuwa na haraka, na jana yake fundi alikuwa ameshapima.

Dalili zilikuwepo. Pikipiki ilikuwa nzito kuingia kona na ilichelewa kunyooka. Lori lilipopita kwa kasi upande wa pili, nyuma ilitikisika mara mbili tatu kabla ya kutulia. Mke wake alisema siti inamsukuma pembeni. Makambako, waliposimama kunywa chai, mwendeshaji aliweka kiganja kwenye bega la tairi akashindwa kukiacha hata kwa sekunde tatu. Alidhani ndivyo kashata kubwa zilivyo.

Aliitafuta geji yake Mbeya, asubuhi ya siku ya tatu, kwa sababu alitaka kupunguza upepo kwa ajili ya udongo. Ikasoma 32. Ndipo hesabu ya Iringa ikaeleweka.

Joto hilo ndilo linaloua tairi lenye mzigo, na huliua kutoka ndani: gundi inayoshika mkanda na mpira inalegea, uvimbe unatokea, tabaka linabanduka. Hapa tairi lilivuliwa, likakaguliwa ndani kwa tochi na kwa vidole kutafuta mikunjo ya rangi ya buluu au unga wa mpira. Havikuwepo. Kwamba tairi la 69 lilikuwa limebeba kilo 259, asilimia 80 ya uwezo wake, huenda ndiko kulikowaokoa. Lile la 62P lingekuwa kwenye asilimia 98 ya uwezo wake kamili, kwa upepo usio kamili.

Siku ya tatu: udongo

Mbele iliwekwa 28, nyuma 32 safari hii kwa makusudi, mwendo usiozidi kilomita 40 kwa saa. Kwenye changarawe kavu ya kupanda kutokea Isyonje matairi yalifanya kazi nzuri sana. Yalishika, yalisimama, na hayakujali mawe. Kama njia nzima ingekuwa hivyo, chaguo lingekuwa limejitetea.

Juu, mvua ilikuwa imepita. Udongo wa mfinyanzi ulijaza nafasi za kashata ndani ya mita chache, na baada ya hapo matairi yakawa laini kama chupa, yale yale tu ambayo tairi lolote lingekuwa. Kashata hujisafisha tope kwa kulirusha, na kulirusha kunahitaji gurudumu lizunguke kwa kasi ambayo pikipiki ya kilo 400 haiwezi kupewa kwenye utelezi. Mahali patatu mke wake alishuka na kutembea, mwendeshaji akapita kwa gia ya kwanza, miguu imeshuka pande zote. Kilichosaidia pale kilikuwa upepo kupungua, mzigo kupungua na mwendo wa konokono.

Makete walitoa pampu ndogo ya betri, wakarudisha nyuma hadi 41 na mbele 33, baada ya kula na kuacha pikipiki ipoe. Dakika kama sita kila tairi. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na hawakuiruka.

Kurudi

Kushuka Kitonga kulikuwa na mvua. Nyuma ya msafara wa malori, kwa breki ya wastani tu, ABS ilianza kugonga kwenye pedo la mguu. Kashata kubwa zina mpira mchache unaogusa lami, na mpira wenyewe ni wa kuvumilia mawe zaidi ya kushika lami yenye maji. Mwendeshaji aliacha nafasi mara mbili ya aliyoizoea na kushusha mwendo hadi 40. Hakuna kilichotokea, kwa sababu ya nafasi hiyo.

Matokeo kwa vipimo

Tairi la nyuma lilianza na milimita 9.5 katikati, likarudi na 5.5. Limekula milimita 4 kwa kilomita 1,800, sawa na kilomita 450 kwa kila milimita. Kutoka 9.5 hadi kikomo cha 2.0 kuna milimita 7.5, kwa hiyo maisha yake yote kwa mwendo huo ni takriban kilomita 3,400.

Baadaye jozi ya nne iliagizwa na kufungwa. Nyuma ilianza na milimita 8.5. Baada ya kilomita 6,000 imebaki na 5.1, sawa na zaidi ya kilomita 1,750 kwa milimita, na matarajio ya kama 11,400 kwa jumla. Ukigawanya bei kwa kilomita, zile za bei kubwa zinagharimu karibu theluthi moja na ushei ya zile za kashata. Ulinganisho huu hauko sawa kabisa: jozi ya kashata ilibeba watu wawili njia nzima na kuendeshwa siku moja na upepo pungufu, jozi ya radiali mara nyingi imebeba mtu mmoja. Hata ukizawadia kashata kubwa kilomita 2,000 za ziada, hesabu haigeuki.

Uchambuzi

Kosa la msingi lilitangulia duka lolote. Tairi lilipimwa likiwa limeshavuka kikomo, zikiwa zimebaki wiki mbili na nusu. Kwa nchi ambayo 150/70R17 nzuri huagizwa, tairi la nyuma likifika milimita 3.5 ndio wakati wa kuagiza. Angepima kila baada ya kilomita 1,000, katikati na siyo pembeni, angekuwa na miezi ya kusubiri chaguo la nne.

Kosa la pili lilikuwa kuchagua kwa hofu ya kilomita 200 na kuzisahau 1,600. Udongo uliomtisha ulikuwa wa aina mbili. Ule mkavu ungepitika na radiali za safari ndefu kwa mwendo huohuo wa 40, ule wa tope ungeyashinda matairi yote. Kashata kubwa zingestahili kama njia ingekuwa changarawe na mchanga kwa siku kadhaa mfululizo, au angekuwa peke yake bila masanduku.

Lakini kosa lililokaribia kuleta ajali halikuwa la kuchagua tairi. Lilikuwa Iringa. Fundi wa pale hakuwa mzembe. Aliona namba kubwa, akataka kumwokoa mteja. Aliyekuwa na jukumu la kusema "fundi, liko moto, liache" ni mwenye pikipiki, na hakuwa na namba ya kulinganisha kwa sababu geji ilikuwa chini ya makoti. Tairi la moto halipunguzwi upepo. Ukiwa na shaka, lisubiri lipoe, na kama huwezi kusubiri, heri ukosee upande wa upepo mwingi. Likisoma psi 5 hadi 9 juu ya kipimo cha baridi baada ya mwendo mrefu na mzigo, hiyo ni kawaida, zaidi ukiwa umepanda milima. Likisoma sawasawa na kipimo cha baridi huku linaunguza mkono, hapo ndipo pa kuogopa.

Yaliyofanyika vizuri hayakuwa machache. Kupima mzigo kwa gurudumu ndiko kulikoondoa lile la 62P bila ubishi. Kusoma DOT na kukunja mpira kuliondoa la mtumba. Kulizungusha gurudumu na kufuata mstari wa ubavu kuligundua mdomo uliokuwa haujakaa, na kosa hilo lingejionyesha kama mtetemo wa kilomita 80 kwa saa, mahali fulani baada ya Chalinze.

Hali ilivyo sasa

Jozi ya kashata imehifadhiwa ndani, mbali na jua na mota za umeme, ikingojea safari ya changarawe bila abiria. Geji imehamia mfuko wa koti. Ndani ya kifuniko cha sanduku la kushoto kuna karatasi iliyowekewa plastiki: 33/36 peke yangu, 33/41 wawili, asubuhi tu.

Limebaki jambo moja. Radiali ya mbele, yenye kilomita 6,000, imeanza tena kuonyesha ngazi upande wa kushoto, na upepo wake umekuwa sahihi wakati wote. Matairi mawili tofauti kulika kwa namna moja kwenye pikipiki moja kunaelekeza kidole kwenye shokapu za mbele. Mafuta yake hayajulikani yalibadilishwa lini. Yatamwagwa na kupimwa kabla ya kununua tairi jingine la mbele.